Senga, programu ya picha imenifungia nikiwa na kazi ya watu mkononi

Senga, shangazi yangu, salaam aleikum. Naomba jina langu usilitoe kabisa, hapa Jinja wapiga picha tunajuana wote na haya mambo yananiaibisha.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, mwaka wa saba huu napiga picha. Nilianza na watu wanaokuja kuona chanzo cha mto Nile, unampiga mtu, unakimbia kuchapa, unamkuta anashuka kwenye boti unampa yake. Baadaye nikapata kamera ya Canon ya mitumba, na sasa kazi kubwa ni kukyala na kwanjula (zile sherehe za utambulisho ukweni kabla ya ndoa), nikah na harusi za kanisani, halafu katikati ya wiki pasipoti na picha za shule. Nina kachumba ka kukodi na msichana mmoja ninayemfundisha kazi.

Kwa miaka mitatu nimetumia programu moja kubwa ya kuediti, sitaitaja, ile ya kulipia kila mwezi. Inanitoa karibu shilingi 75,000 kwa mwezi na inakata kwa dola kutoka kwenye kadi ya mobile money, shilingi ikishuka ni mimi naumia. Miezi ya harusi hata sihisi. Lakini Ramadhani ikiingia nikah hakuna, Kwaresima nayo watu wa kanisani wamesimama, shule zikifunguliwa pesa yote ya watu imeenda kwenye ada, unaweza kukaa wiki mbili hata pasipoti moja hujapiga na ile 75,000 inakungoja palepale.

Sasa mwezi ule kadi ilipungukiwa kama 8,000 hivi tu. Programu ikakataa kuediti. Na ndani nilikuwa na kwanjula ya picha 640, nusu nimemaliza nusu bado, nikahangaika siku nne kutafuta pesa maana nilikuwa nimelipa kodi ya chumba wiki hiyohiyo, na mama wa bibi harusi akaja studio akasema mbele ya watu kwamba nimekula pesa ya mtoto wake. Sikujibu kitu. Ningemwambia nini, kwamba kompyuta imenifungia?

Mdogo wangu wa kiume anasema najitesa bure, yeye ana flashi yenye programu hiyohiyo imevunjwa kufuli, nusu saa tu imeingia. Lakini Senga, mwaka wangu wa pili nilitumia ya namna hiyo. Ilikuja na virusi, faili zote zikabadilika majina zikakataa kufunguka, kukawa na kabarua ka Kiingereza kananidai pesa. Nikapoteza harusi mbili. Bwana harusi mmoja, baba yake alifariki miezi michache baadaye na picha zake za mwisho akiwa na furaha zilikuwa humo. Niliwaambia kamera iliharibika. Hilo sijawahi kumwambia mtu ukweli wake. Na tena mwaka jana duka moja la magauni lilichukua picha yangu ya bibi harusi likaibandika kwenye bango bila kuniuliza, nililia, sasa na mimi nichukue jasho la mtu bila kulipa?

Mume wangu ni mwalimu, yeye anasema tukope SACCO nilipe mwaka mzima nitulie. Kuna kaka mwingine tunapiga naye harusi anasema zipo programu za bure na za kulipa mara moja tu, nikamuuliza ipi akanitajia majina kama kumi. Nikashusha moja, bando likaisha, nikaifungua sikuona hata pa kushika, kila kitu kiko mahali pengine, nikaifunga.

Naogopa picha zitatoka mbaya na wateja wataona. Naogopa wenzangu wakijua natumia ya bure watasema nimefilisika. Naogopa pia kazi zangu zote za miaka mitatu zimo kwenye katalogi ya ile programu, yaani daftari lake la ndani linalotunza marekebisho yangu, sasa nikiondoka zinabaki wapi? Laptopu yangu ni Windows, RAM 8, ya mitumba nayo. Niambie ukweli Senga, usinionee huruma.

Mama Picha, Jinja

SENGA ANAJIBU

Binti wa kaka yangu, waleikum salaam. Nianze na kile ulichokificha katikati ya barua, zile picha za baba wa bwana harusi. Umekibeba peke yako miaka mitano. Mimi naona hofu yako nyingi ya leo imetoka hapo, mtu akikwambia hama programu wewe unasikia poteza tena kazi za watu. Ni vitu viwili tofauti, na nitajaribu kuvitenganisha, ingawa najua mwilini vinauma kama kidonda kimoja.

Kwa vile nilivyokusoma, shida zako ni tatu. Pesa yako inakuja kwa msimu lakini deni linakuja kwa mwezi. Kazi za wateja zimekaa mahali ambapo ufunguo si wako. Na ya tatu ni macho ya watu, mama wa bibi harusi, wenzako, hata yule msichana unayemfundisha. Programu mpya inaweza kutibu ya kwanza, ya pili inatibu nusu tu, ya tatu haiigusi kabisa.

Hukuitaja programu na sitaki kubahatisha, siku hizi ziko nyingi za namna hiyo. Zamani programu zilikuwa zinauzwa kama sufuria, ukilipa umeenda nayo. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop yatakuwa ya kulipia kwa muda, na kampuni nyingine nyingi zikaifuata njia hiyo. Kwa mtu wa mshahara ni sawa. Kwa mtu wa msimu kama wewe ni kama kukodi shamba mwaka mzima na mvua inanyesha miezi sita. Nimepiga hesabu yako, 75,000 mara 12 ni 900,000, miaka mitatu ni 2,700,000. Usiilie hiyo pesa, ilikulisha. Lakini ijue.

Sasa swali langu, na lijibu kwa mikono usijibu kwa kichwa: ndani ya hiyo programu wewe unafanya nini hasa? Chukua kwanjula moja, kaa na daftari, kila kitu unachobonyeza andika. Nadhani utakuta ni kurekebisha mwanga, rangi, kukata pembeni, kusafisha chunusi, kubadilisha bakgraundi ya pasipoti, basi. Unalipia nyumba ya vyumba ishirini na unalala viwili. Inawezekana nimekosea, labda unatengeneza pia mabango na kadi na unaunganisha leya kumi (picha zilizopangwa moja juu ya nyingine), hapo jibu linageuka, ndiyo maana nataka daftari liseme.

Njia zipo, na kila moja ina mwiba wake.

Kuhusu flashi ya mdogo wako sitakuhubiria, umeshajihubiria mwenyewe. Niongeze tu kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inazilinda picha na programu za kompyuta humohumo ndani ya sheria moja, kwa hiyo lile bango la duka la magauni na ile flashi vimesimama mstari mmoja kama ulivyohisi. Na mdogo wako mwambie kwa upole, yeye alitaka kukusaidia.

Wazo la mume wako usilitupe haraka. Mwalimu ameona mke wake amerudi nyumbani ametukanwa, akatafuta dawa. Faida yake kubwa ni kwamba hujifunzi kitu kipya na hufungiwi tena kwa mwaka mzima. Hasara ni kwamba riba ya SACCO unalipa juu, na mwaka ukiisha hauna kitu mkononi, unarudi palepale. Kuna namna nyingine ya kubaki bila mkopo, kila shughuli ukilipwa unatoa 20,000 unaiweka kwenye laini nyingine ambayo huigusi, msimu wa harusi unalipia msimu wa njaa. Je, umewahi kujaribu? Na kabla ya kuamua kubaki au kutoka soma mkataba wako, maana kuna mipango inaitwa ya mwezi kumbe umefungwa mwaka, ukitoka katikati unatozwa faini. Mwezi wa sita 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai kwamba faini ya namna hiyo ilifichwa wateja wasiione vizuri. Angalia wako unasemaje, na tarehe ya kukata ni lini.

Za kulipa mara moja zipo kweli, kwa mfano DxO PhotoLab na ON1 Photo RAW, ni nzuri, lakini pesa yake inatoka kwa mpigo mmoja na kwa mfuko wa studio ndogo si mchezo. Kulipa mara moja pia maana yake ni toleo hilohilo, kesho ukibadilisha kamera ikawa mpya kuliko programu inaweza isizisome faili zake mpaka ununue toleo jingine. Na soma maandishi madogo. Photoshop Elements watu wanaisifu ni ya kununua mara moja, lakini tangu toleo la 2025 leseni yake ni ya miaka mitatu, ikiisha imeisha.

Halafu za bure, na hapa nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo yule kaka alikuchanganya na majina kumi. Usiyafikirie kama majina kumi, fikiria kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupika faili za RAW, zile picha mbichi kutoka kwenye kamera. Kazi ya pili ni kupaka na kuunganisha, kutoa kitu, kuweka bakgraundi, leya. Ya kwanza iko darktable, iko RawTherapee, zote za bure kabisa, na kwa kuwa kamera yako ni Canon wenyewe Canon wana programu yao inaitwa Digital Photo Professional, wenye kamera zao hawailipii, wakati mwingine wakati wa kuishusha wanakuuliza namba iliyoandikwa chini ya kamera. Ya pili iko GIMP, ilianzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley huko California mwaka 1995 na bado inaendelea, toleo la 3.0 lilitoka mwezi wa tatu 2025 na sasa unaweza kuweka filta nyingi ukarudi kuzibadilisha bila kuharibu picha ya chini, jambo ambalo zamani watu waliililia. GIMP yenyewe haipiki RAW, inaziomba darktable au RawTherapee, kwa hiyo kama siku ile ulifungua GIMP ukaitupia RAW ikakataa, haukuwa ujinga wako.

Kuna Affinity pia, ya Waingereza, ilikuwa ya kununua mara moja, Canva wakainunua kampuni mwaka 2024 na mwezi wa kumi 2025 wakaifanya bure, unahitaji akaunti ya Canva tu, na inafanya kazi zote mbili. Vitu vya akili bandia ndani yake ndivyo vya kulipia. Mtu aliyezoea programu za kulipia ataona sura yake haimshtui sana. Mwiba wake ni kwamba bure hiyo iko mikononi mwa kampuni, wao ndio wanaamua kesho itakuwaje, wakati GIMP na darktable hazina mwenye duka wa kuzifunga. Kama una faili za PSD (zile za Photoshop) za zamani unataka kuzifungua haraka tu, kuna Photopea, inafunguka ndani ya brauza, ina matangazo, na picha inabaki kwenye kompyuta yako haipandi intaneti.

RAM yako 8 inatosha kuanza, ila darktable inakula nguvu, picha 640 kwa mpigo utaisikia laptopu inapiga feni. Jaribu kabla hujaamini mtu, hata mimi.

Na ukijaribu usijaribu na picha ya maua. Nenda kwenye kazi zako utafute picha tatu zilizokusumbua kweli. Moja iwe ya kanzu nyeupe saa saba mchana, jua kali, kanzu imeungua na uso wa mzee umebaki giza, uone programu inarudisha nyuzi za kanzu bila kufanya uso kuwa wa majivu, kwa sababu priseti nyingi (mipangilio ya tayari) zilizotengenezwa kwa ngozi nyeupe zinaharibu ngozi zetu, unajua hilo kuliko mimi. Ya pili iwe ya ndani ya tenti la bluu, ile rangi inayomwagikia watu wote mpaka bibi harusi anaonekana mgonjwa. Ya tatu gomesi (lile gauni letu la sherehe) ya kung'aa karibu na uso, usafishe chunusi bila kulainisha mtu akawa mdoli. Picha hizohizo tatu, kwenye programu mbili, zisizidi mbili, wiki mbili mbili kila moja, katika msimu ambao hakuna harusi. Zichapishe. Weka karatasi mezani na zile ulizoediti kwa programu ya zamani, geuza majina chini, muite mtu asiyejua achague. Jicho la kioo linadanganya, karatasi ndiyo mteja anaipeleka nyumbani.

Pia keti na yule msichana wako mjifunze pamoja, yeye hana mazoea ya kuyavunja. Hebu fikiria na hili, akimaliza kwako akaenda kuanza yake, atapata wapi 75,000 kwa mwezi? Utakachochagua leo ndicho utakuwa umemrithisha.

Sasa kazi za miaka mitatu. Ukweli uliouomba ni huu, yale marekebisho ya ndani ya katalogi hayahami vizuri kwenda programu nyingine, usipoteze usingizi kujaribu. Lakini picha mbichi ni zako, ziko kwenye diski, hazina kufuli la mtu. Kile kilichomalizika kitoe sasa hivi wakati bado umelipa, JPEG za ubora wa juu kabisa, na zile chache unazojua familia zitazirudia, toa na TIFF, faili nzito zaidi inayotunza ubora. Weka kwenye diski mbili, moja isilale studio. Hili lifanye hata ukiamua kubaki hapohapo ulipo, hili halina njia panda. Na usihame katikati ya kazi ya mtu, anzia na kazi mpya ndogo, pasipoti, picha za shule, harusi ziache kwanza zikae ulikozoea.

Kuhusu wenzako kusema umefilisika. Wapo watakaosema. Siwezi kukuambia haitauma. Ninachojiuliza ni kama kweli wao ndio wanakupa kazi, au ni mama za mabibi harusi wanaoambiana kwenye msiba na kwenye soko. Yule mama aliyekutukana, albamu alipoipata alisema nini? Hukuandika. Wewe ulisema hukumjibu kwa sababu usingejua useme nini, mimi nadhani ungeweza hata leo kumpigia ukamwambia mama, malipo ya kifaa changu yalipungua, nikaona aibu kusema, nisamehe. Labda atakata simu. Labda pia atakuwa amewahi kupungukiwa.

Na ile diski ya harusi mbili, iko wapi? Kama uliiformati basi, lakini kama umeificha kwenye droo kwa sababu ya uchungu, usiitupe. Virusi vya kubadilisha majina ya faili na kudai pesa vina aina nyingi, na baadhi yao funguo zake zilikuja kupatikana miaka baadaye. Tangu 2016 polisi wa Uholanzi na Europol pamoja na kampuni za usalama wa kompyuta wana mradi unaitwa No More Ransom, unapakia faili moja mbili pamoja na kale kabarua ka kudai pesa, wanakuambia kama aina yako ina ufunguo, na hawakutozi kitu. Tumia faili zisizo na siri ya mtu. Sikuahidi kitu binti yangu, aina nyingi bado hazina ufunguo, na kabla hujapata jibu usimwambie yule kijana jambo la kumpa tumaini. Lakini tafuta hiyo diski kwanza, hata kabla ya darktable na GIMP, halafu uniandikie.